Uhuru ulihamisha madaraka ya Gavana yakiwa mazima: mihimili mitatu inavyoonekana ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Mnyalu wa Kihesa (mwanzisha uzi)

Wakuu, kamwene kwa wa Iringa na Njombe, na salamu kwa ndugu wa Mbeya na Songwe.

Kila Desemba 9 ikikaribia, humu tunabishana nani aliupigania uhuru na nani amesahauliwa. Ni mjadala wa haki kabisa. Ila kuna swali linanikaa kichwani miaka mingi na sijaona likipewa uzi wake: madaraka yalipotoka mikononi mwa Mwingereza, yaligawanywa, au yalihama tu?

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kupinga ajue pa kuanzia. Yalihama yakiwa mazima. Kuyagawa ndiyo kazi ambayo nchi imekuwa ikiifanya kipande kwa kipande tangu hapo, na pale mwananchi wa kawaida anapokutana na Serikali, yaani wilayani, kazi hiyo bado haijaisha.

Tuanze na ukoloni wenyewe. Gavana alikuwa mtawala na mtunga sheria kwa wakati mmoja. Baraza la Kutunga Sheria lilianzishwa 1926, lakini wajumbe wake walikuwa wateule wake, na Mwafrika wa kwanza hakukanyaga mle hadi 1945, walipoingia Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali. Hapo ni Dar es Salaam. Huku kwetu, Gavana alikuwa na sura ya Bwana DC, yaani mkuu wa wilaya. Huyo ndiye alisimamia kodi, polisi na jela, na huyohuyo alikaa kama hakimu.

Mwaka 1926 Gavana Donald Cameron akaleta sheria ya kutawala kupitia machifu. Watu wanaikumbuka kama sheria iliyowaheshimu wenyeji. Sikatai kwamba kuna waliopata heshima. Lakini angalia ilivyofanya kazi. Chifu alitoa amri, alikusanya kodi, na baraza lake ndilo lililomhukumu aliyevunja amri au kukwepa kodi. Mwaka 1929 mabaraza hayo yakaondolewa chini ya Mahakama Kuu, rufaa zikawa zinakwenda kwa DC, kisha kwa mkuu wa jimbo, kisha kwa Gavana. Tuseme mkulima wa Rungwe ametozwa faini na malafyale, yaani chifu wa Wanyakyusa, kwa kukataa kulima matuta. Akikata rufaa, anayemsikiliza ni DC, na DC ndiye aliyemwagiza chifu matuta yalimwe. Mkulima huyo anamlalamikia mtu kwa mtu huyohuyo.

Sasa njoo 1961. Tulipewa katiba ya mtindo wa Uingereza: Malkia ni mkuu wa nchi, Sir Richard Turnbull anabaki kama Gavana Jenerali, Mwalimu Nyerere ni Waziri Mkuu anayewajibika kwa Bunge. Katiba ile haikuwa na sura ya haki za binadamu, na Serikali yetu wenyewe ndiyo haikuitaka. Januari 1962 Mwalimu akajiuzulu, Kawawa akashika nafasi. Novemba mwaka huo tukapiga kura ya Rais, Mwalimu dhidi ya Zuberi Mtemvu, na Mwalimu akapata zaidi ya asilimia 98. Desemba 9, 1962 tukawa Jamhuri.

Hapo ndipo naomba tukae kidogo. Bunge lililoandika Katiba ya Jamhuri lilikuwa lilelile la uchaguzi wa 1960, ambao TANU ilichukua viti 70 kati ya 71, na huyo mmoja wa Mbulu alikuwa mwana TANU aliyesimama kivyake. Kazi za Malkia, za Gavana Jenerali na za Waziri Mkuu zikawekwa kwa mtu mmoja. Mwaka huohuo wa 1962 zikapita sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi na sheria za kuwapa wakuu wa mikoa na wilaya meno. Bwana DC aliondoka, lakini kiti chake kilibaki na uzito uleule.

Mwalimu mwenyewe aliwahi kusema hadharani kwamba Katiba ile inampa Rais uwezo wa kuwa dikteta akitaka. Kwamba hakutaka ni sifa yake kubwa. Ila katiba haiandikwi kwa ajili ya mtu asiyetaka.

Karibuni. Naomba hoja, tusirushiane vyama.

Mwalimu Mafinga

Mkuu, ahsante kwa uzi. Nafundisha Uraia sekondari, na kila mwaka nafika kwenye mada hii nikiwa na kigugumizi. Kitabu kinachora mihimili mitatu kama pembetatu yenye pande sawa: Serikali, Bunge, Mahakama. Wanafunzi wanakariri vizuri. Kisha mmoja anafungua Katiba anauliza, "Mwalimu, mbona Ibara ya 4 inasema kila mhimili na kazi yake, halafu Ibara ya 62 inasema Bunge lina sehemu mbili, Rais na Wabunge? Rais yuko upande gani?"

Huwa namjibu kwamba ni urithi wa Uingereza, kule Mfalme au Malkia ni sehemu ya Bunge kwa sababu sheria haiwi sheria bila ridhaa yake. Ni jibu la kweli, ila naona halimtoshi, na mimi pia halinitoshi. Malkia yule hakuwa anateua mawaziri kwa utashi wake wala hakuwa mwenyekiti wa chama chenye wabunge wengi.

Karani Mstaafu

Nimefanya kazi mahakamani Tukuyu na kwingineko mpaka nikastaafu. Naomba niongeze upande mmoja ambao mtoa mada kaupita haraka.

Ni kweli kwamba mabaraza ya machifu yalikuwa chini ya DC. Lakini jambo la kwanza kubwa la kugawa madaraka tulilifanya wenyewe, mapema, na halisemwi. Machifu waliondolewa madarakani mwanzoni mwa 1963, na mwaka huohuo ikatungwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu. Baraza la chifu likawa Mahakama ya Mwanzo. Rufaa ikaanza kupanda kwa Mahakama ya Wilaya, kisha Mahakama Kuu, haipiti tena mezani kwa mkuu wa wilaya. Kwa mtu wa kijijini hayo yalikuwa mapinduzi. Bibi aliyenyang'anywa shamba na shemeji yake akawa anaweza kufika mpaka kwa jaji.

Wazee niliowakuta kazini walikuwa wameanza wakati wa mabaraza. Mmoja alinionyesha daftari la zamani la mashauri. Ukurasa mmoja una safu ya jina, kosa na adhabu, na pembeni kuna safu ya kodi, kama imelipwa au la. Daftari moja! Mtu alikuja kudai mbuzi wake, karani anaangalia kwanza kama amelipa kodi. Daftari la mahakama nililolianza mimi halikuwa na safu hiyo. Ukitaka kujua mgawanyo wa madaraka ni nini, mimi huo ndio niliouona kwa macho.

Kwa hiyo nakubaliana na mtoa mada kwa sehemu. Juu yalihama mazima. Chini, mahakamani, tuligawa.

Uyole Junction

Nampinga mtoa mada, kwa heshima.

Tunaisoma 1962 kwa macho ya leo. Nchi ina makabila zaidi ya 120, wasomi wa kuhesabika, Serikali imerithi hazina tupu. Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, wameasi, Mwalimu amelazimika kuomba jeshi la Uingereza lije kuzima. Jirani zetu Kongo walikuwa wanachinjana. Katika hali ile unataka Bunge lianze kuvutana na Rais na mahakama ifute amri zake? Nchi ingeshikwa na nani?

Pia si kweli kwamba mwananchi hakuwa na sauti. Mwaka 1965, chama kimoja kikiwa tayari kisheria, wananchi walimwangusha Waziri wa Fedha, Paul Bomani, kwenye sanduku la kura. Mwaka 1966 ikaanza Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya kusikiliza malalamiko dhidi ya watumishi wa umma. Barani Afrika hakuna aliyetutangulia kwa hilo. Tulikuwa na njia zetu za kudhibiti madaraka. Hazikufanana na za Ulaya, ila zilikuwepo.

Mnyalu wa Kihesa

Uyole Junction, hoja zako ni nzito na naomba nizijibu moja moja bila haraka.

Maasi ya 1964. Sheria ya kizuizini ilikuwa imeshapita 1962. Ukuu wa mkoa wenye meno ulikuwepo tangu 1962. Maasi hayakuzuiwa na lolote kati ya hayo, na wala hayakusababishwa na Bunge lenye kiburi au majaji wakaidi. Askari walitaka mishahara na maofisa Waafrika. Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba madaraka yalikusanywa kwa sababu ya maasi.

Tume ya Uchunguzi. Ni kweli, na ilisaidia watu wengi. Lakini taarifa zake zilikwenda kwa Rais, naye ndiye aliyeamua nini kifanyike. Unamlalamikia mtendaji kwa mkuu wa watendaji. Rudi kwenye mkulima wa Rungwe na DC.

Kuhusu Bunge, nakupa mifano miwili ya huku kwetu.

Wa kwanza ni Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Kalenga. Huyu ni mjukuu wa Mkwawa aliyewapiga Wajerumani Lugalo Agosti 17, 1891. Mwaka 1954 ndiye aliyepokea fuvu la babu yake kutoka kwa Gavana Twining. Mwaka 1962 akawa Spika, na akakalia kiti hicho, ukiacha miaka ya 1973 hadi 1975, mpaka 1994. Tafakari nafasi yake: chifu, yaani mtu wa mfumo ule wa amri, kodi na hukumu kwa pamoja, anaingia kuongoza mhimili wa kutunga sheria wakati uleule Serikali inafuta uchifu. Mimi kama mtu wa Iringa najivunia, na wazee waliomfahamu wanamsifu kwa utulivu na haki ya kusikiliza. Lakini hata Spika mwadilifu namna gani hawezi kulipa Bunge nguvu ambayo Katiba haikulipa.

Wa pili unaonyesha hilo. Oktoba 1968 TANU iliwafukuza uanachama wabunge kadhaa, akiwemo Eli Anangisye wa Rungwe, na kwa kufukuzwa chama wakapoteza ubunge. Wananchi waliowachagua hawakuulizwa. Hakuna mahakama iliyoamua. Mwaka 1975 Katiba ikarekebishwa ili chama kiwe juu ya vyombo vyote, ndiyo kile tulichokiita chama kushika hatamu. Bunge likawa mahali pa kupitisha yaliyoamuliwa kwenye vikao vingine.

Na kuna jambo la Ismani. Naligusa kwa uangalifu kwa sababu familia za pande zote mbili zipo na uchungu upo. Siku ya Krismasi 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Klerruu, aliuawa na mkulima Said Mwamwindi shambani kwake, kipindi cha msukumo wa vijiji vya ujamaa. Mwamwindi akapakia mwili kwenye gari la Mkuu wa Mkoa akaenda kujisalimisha polisi Iringa mjini. Simtetei mtu aliyeua. Ninachotaka mkione ni Mkuu wa Mkoa wa enzi zile alikuwa nani. Alikuwa mwakilishi wa Rais, katibu wa TANU wa mkoa, na mbunge kwa cheo chake. Akishuka kwenye gari shambani kwa mtu, Serikali, chama na Bunge vimeshuka naye. Mkulima mwenye malalamiko angekwenda kwa nani ambaye si huyo?

Na bado, wakuu, katika kipindi hichohicho mahakama ilisimama. Mwamwindi hakutiwa kizuizini kimyakimya ingawa sheria ya kizuizini ilikuwepo. Alishtakiwa Mahakama Kuu, jaji akakaa hapahapa Iringa, Jaji Onyiuke, Mnigeria, ushahidi ukasikilizwa mbele ya watu, akatetewa na wakili. Alihukumiwa kifo na akanyongwa. Unaweza kuwa na maoni yako juu ya hukumu. Lakini ilikuwa hukumu, imeandikwa, ina sababu, na mpaka leo inasomwa. Hapo nakubaliana na Karani Mstaafu: mhimili uliokomaa mapema kuliko yote ni Mahakama.

Mpunga wa Kyela

Mnasema Bunge halijawahi kuuma. Februari 2008 mmesahau? Kamati teule ya Bunge kuhusu kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond iliongozwa na mbunge wetu wa Kyela, Dkt. Harrison Mwakyembe. Ripoti ikasomwa bungeni, Waziri Mkuu Lowassa akajiuzulu, na Baraza la Mawaziri likavunjwa. Kyela watu walikusanyika kwenye redio sokoni, wanunuzi na wauzaji wote kimya. Spika alikuwa Samuel Sitta, na Bunge lile lilikuwa na wabunge wengi mno wa chama kilekile chenye Serikali.

Na sisi wa mpakani tuna somo jingine ng'ambo ya Kasumulu. Malawi walipata uhuru Julai 6, 1964, na Banda akakusanya madaraka kuliko sisi, mpaka akawa Rais wa maisha. Lakini Februari 3, 2020 majaji watano walifuta uchaguzi wa Rais wa 2019. Walifika mahakamani wamevaa fulana za kuzuia risasi, wamesindikizwa na jeshi. Serikali ikajaribu kumlazimisha Jaji Mkuu Nyirenda aende likizo ya kustaafu kabla ya wakati, mawakili na majaji wakaandamana, amri ikazuiwa mahakamani. Juni 23 wakarudia uchaguzi, Chakwera akashinda. Mwaka 2025 Mutharika, yuleyule aliyefutiwa ushindi wa 2019, akarudi kwa kura. Nchi haikupasuka. Tunaouza mchele kule tulivuka mpaka kama kawaida.

Kwetu huku Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema Tume ya Uchaguzi ikishatangaza Rais, hakuna mahakama ya kuchunguza. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha ilishasema 2020 kwamba kifungu hicho kinavunja haki. Bado kipo.

Ludewa Ndani

Mkitaja mahakama bila kumtaja Mchungaji Christopher Mtikila, mwana wa Ludewa, mnatuonea.

Alifungua kesi 1993 kudai mgombea binafsi, yaani asiyepitia chama. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira akampa ushindi. Mwaka huohuo Serikali ikapeleka bungeni mabadiliko ya Katiba kuzima hoja ile, na Bunge likapitisha. Mahakama imesema haki ipo, Bunge likabadilisha Katiba ili haki isiwepo. Akarudi mahakamani, Mahakama Kuu ikampa tena 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hili ni la kisiasa, waulizeni wabunge. Akaenda Arusha, Mahakama ya Afrika ikampa ushindi Juni 2013. Oktoba 2015 akafariki ajalini, mgombea binafsi hayupo mpaka leo.

Watu walimwona mkorofi. Mimi namwona mtu aliyejaribu milango yote mitatu ya dola, mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika kikomo cha kila mmoja. Hakuna somo la mgawanyo wa madaraka lililo wazi kuliko faili lake.

Binti Makete

Nimesoma kimya muda mrefu, nami nichangie. Ninyi mnazungumza marais na majaji. Mimi nazungumzia saa 48.

Wilaya siitaji. Kaka yangu alikuwa mjumbe wa serikali ya kijiji. Mkuu wa wilaya alikuja kwenye mkutano wa hadhara kuhusu michango ya zahanati. Kaka akanyanyuka, akaomba mapato na matumizi yasomwe kabla watu hawajachangia tena. Alikuwa ameshika karatasi yake ya maswali, ameiandika usiku kwa peni nyekundu kwa sababu ya bluu iliisha wino. Akaambiwa analeta uchochezi. Amri ikatoka palepale kwenye kipaza sauti: "Mchukueni, akakae ndani saa 48." Polisi wawili wakampandisha gari la mkuu wa wilaya. Karatasi ikabaki chini, mama akaiokota.

Alilala kituoni siku mbili. Hakuandikiwa kosa. Hakupelekwa kwa hakimu. Akaachiwa jioni ya siku ya tatu, akaambiwa aende nyumbani akatulie. Mapato na matumizi hayajasomwa hadi leo na kaka haendi tena kwenye mikutano.

Naomba mnieleze, huyo mkuu alikuwa mhimili gani siku ile? Alituhumu, akakamata, akahukumu, akaadhibu, mkutano haujaisha.

Mnyalu wa Kihesa

Dada, pole sana, wewe na mama. Hiki ndicho nilichomaanisha niliposema wilayani kazi haijaisha. Mambo yale ya Bwana DC yako hapo kwenye kipaza sauti.

Sasa tuseme sheria. Ni Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, Sura ya 97. Kifungu cha 7 kinamhusu Mkuu wa Mkoa, cha 15 Mkuu wa Wilaya. Watu wengi, na baadhi ya wakuu wenyewe, wanadhani kinasema "DC anaweza kumweka mtu ndani saa 48 kama adhabu". Hakisemi hivyo hata kidogo. Kinasema anaweza kuamuru mtu akamatwe ikiwa ametenda kosa la jinai mbele yake, au ana sababu ya kuamini kwamba mtu huyo atavunja amani na hakuna njia nyingine ya kuzuia isipokuwa kumkamata. Kisha aliyekamatwa ni lazima afikishwe kwa hakimu mapema iwezekanavyo, isizidi saa 48. Na mkuu lazima aandike sababu na kumpelekea hakimu. Muda ukipita bila hakimu, mtu ana haki ya kuachiwa.

Kwa hiyo saa 48 ni ukomo wa kumfikisha mahakamani. Zimegeuzwa kuwa kifungo. Kuuliza mapato na matumizi kwenye mkutano wa kijiji si kosa, ni haki ya mjumbe na ni haki ya mwanakijiji.

Uyole Junction

Hapa siwezi kutetea. Hoja yangu ya 1962 naishikilia, nchi changa ilihitaji mkono mmoja. Lakini 1997 hatukuwa nchi changa. Vyama vingi vilirudi 1992, Tume ya Jaji Nyalali ilikuwa imeorodhesha sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa, ikiwemo ya kizuizini. Sura ya haki iliingia kwenye Katiba 1984, ingawa ilisubirishwa mpaka 1988 ndipo watu waruhusiwe kuidai mahakamani. Mtunga sheria wa 1997 alijua yote hayo.

Ila niulize, tatizo ni sheria au ni nani anamteua na kumfukuza DC? Anateuliwa na Rais, anafukuzwa na Rais. Diwani hawezi kumuuliza. Mbunge anaweza kumuuliza waziri, na waziri naye ni mbunge mwenzake wa chama kimoja.

Mwalimu Mafinga

Hapo umegusa penyewe. Ibara ya 55 inataka mawaziri watoke miongoni mwa wabunge. Anayesimamiwa na anayesimamia wanakaa ukumbi mmoja, na kila mbunge kijana anatamani siku moja ateuliwe. Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba ilipendekeza mawaziri wasiwe wabunge na Spika asitokane na wabunge. Bunge Maalum la 2014 likabadilisha mengi, kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 ikaahirishwa, na mpaka leo ndiyo hivyo.

Wanafunzi wangu wananiuliza pia kuhusu Januari 2022. Spika, marehemu Job Ndugai, alihoji mikopo ya Serikali. Akaomba radhi, Rais akamkosoa hadharani, na Januari 6 akajiuzulu. Nafasi ikachukuliwa na Dkt. Tulia Ackson wa hapa Mbeya. Kwa hiyo nyanda hizi zimetoa maspika watatu: Adam Sapi wa Iringa, Anne Makinda wa Njombe aliyekuwa mwanamke wa kwanza, na Tulia. Wanafunzi wanajivunia, nami nawaambia wajivunie. Kisha wanauliza: mkuu wa mhimili anawezaje kuondoka kwa sababu mkuu wa mhimili mwingine amekasirika?

Mnyalu wa Kihesa

Mwalimu, waambie kisheria hakuondolewa, alijiuzulu. Kisha waambie waangalie njia ya kuufikia uspika: kupitishwa kwanza na chama, na mwenyekiti wa chama ndiye Rais. Dkt. Tulia mwenyewe, na sisemi hili kumpunguzia uwezo maana ni mwanasheria hodari, alikuwa Naibu Mwanasheria Mkuu wa Serikali, akateuliwa na Rais kuwa mbunge 2015, akawa Naibu Spika mwaka huohuo. Ubunge wa Mbeya Mjini wa kupigiwa kura aliupata 2020. Njia nzima ni halali. Ibara ya 66 inampa Rais nafasi 10 za kuteua wabunge. Swali la wanafunzi wako ni kama uhalali huo unatosha.

Wasomee pia Ibara ya 97. Rais akikataa muswada, na Bunge likaupitisha tena kwa theluthi mbili, Rais ana mambo mawili: ausaini ndani ya siku 21, au avunje Bunge. Na Ibara ya 90: Bunge likikataa bajeti, linaweza kuvunjwa. Kila mbunge anajua kwamba akisimama mpaka mwisho, anarudi jimboni kuomba kura upya, tena kwa tiketi ya chama ambacho amekiudhi. Ndiyo maana 2008 ilikuwa nadra.

Binti Makete

Ahsanteni. Kaka amesoma uzi wote kwenye simu yangu. Anauliza: yakitokea tena kwa mtu mwingine, ndugu wafanye nini siku hiyohiyo, si baada ya wiki?

Karani Mstaafu

Binti, nakupa utaratibu kama tulivyokuwa tukiwaelekeza watu pale dirishani.

Kwanza, ndugu mmoja aende kituoni na kuuliza kwa upole mtu wake ameandikwa kwa kosa gani kwenye kitabu cha mahabusu. Aandike saa aliyokamatwa, jina la kituo, na cheo cha aliyetoa amri. Pili, asikae kituoni kubembeleza. Aende Mahakama ya Wilaya aombe kuonana na hakimu mfawidhi au karani, aulize kama Mkuu wa Wilaya ameleta sababu za maandishi za kumkamata fulani. Mara nyingi hakimu hana habari kabisa, na swali hilo peke yake huwa linafanya simu ipigwe. Tatu, kama saa 48 zimepita, wakili au kituo cha msaada wa kisheria anaweza kupeleka maombi Mahakama Kuu kwamba mtu afikishwe mbele ya jaji. Mahakama Kuu iko Mbeya na Iringa, hamna haja ya kwenda Dar.

Na ile karatasi ya maswali aliyoiokota mama, itunzeni. Ni kielelezo.

Ludewa Ndani

Mzee, hakimu akisema "mimi siwezi kumuuliza DC" je?

Karani Mstaafu

Mwombe aandike hivyo kwenye karatasi, atie saini na muhuri. Hataandika. Atapiga simu.

Uyole Junction

Mtoa mada, naomba uzi wa pili kuhusu halmashauri. Zilifutwa 1972 kwa mpango wa Serikali ulioitwa Madaraka Mikoani, zikarudi kwa sheria za 1982, na mpaka leo mkurugenzi anateuliwa kutoka juu wakati madiwani wanachaguliwa kutoka chini. Hapo nina mengi ya kupinga.

Mnyalu wa Kihesa

Nitaufungua Jumapili. Njoo na hoja zako za 1972, nami nitakuja na za 1982.